Darasa Zima Linaniita Mama

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya kwanza chuo kikuu. Nina miaka arobaini na sita, daftari jipya, na penseli sita zilizochongwa. Raha tupu.

Kwanza niandike sharti, nisije nikajifanya nimelisahau. Mwanangu, kitinda mimba wangu, ana miaka kumi na tisa naye ameanza leo. Chuo kilekile, uhandisi wa mitambo uleule, darasa lilelile. Sikumfuata. Nilifanya mtihani wa watu wazima kabla yeye hajaomba nafasi, ila kwa siri. Miaka ishirini na miwili nimetengeneza vyerehani vya watu. Nilikuwa najua kitu kimeharibika wapi, lakini sikujua kwa nini, na hilo lilikuwa linaniwasha.

Alipoona majina yetu kwenye orodha moja alinikwepa siku mbili. Siku ya tatu akaja na sharti: mtu yeyote asijue kwamba mimi ni mama yake. Yeye anatumia jina la baba yake, mimi nimesajiliwa kwa jina la baba yangu, kwa hiyo hakuna atakayeng'amua. Alisema anataka, mara moja tu maishani, kufika mahali watu wamjue yeye kwanza kabla ya kumjua mama yake. Nikaapa. Baba yake, ambaye ni fundi nguo, ndiye aliyekuwa shahidi. Alikuwa na pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa tu.

Saa mbili asubuhi nikaingia ukumbini. Wanafunzi wote wakasimama. "Shikamoo, mwalimu."

Sasa mtu afanye nini? Nikasema marahaba, kaeni. Wakakaa. Nitakuwa mkweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: nilibaki pale mbele muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilifuta ubao. Nikamwambia mmoja wa nyuma avue kofia. Kisha akaingia kijana mwembamba mwenye mkoba, nikamwambia amechelewa, atafute kiti. Akatafuta kiti.

Alikuwa mhadhiri wa mekanika.

Mwanangu, safu ya tatu, alikuwa amezamisha uso wote ndani ya daftari. Hata hivyo, siku nzuri sana.

Jumanne, 3 Septemba

Darasa zima linaniita Mama. Mama, kaa hapa. Mama, una kifutio? Mama, lete mkoba tukubebee. Watu sitini na watatu. Mmoja tu haniiti Mama, na ndiye niliyembeba miezi tisa. Leo ameniambia, "Naomba kupita, mwenzetu."

Mwenzetu.

Mhadhiri amenisamehe. Kijana mstaarabu, umri wake kama wa mwanangu wa kwanza. Wanafunzi wamempa jina la Nyuzi Tisini kwa sababu husimama wima kama ukuta. Aliuliza: gurudumu dogo likizungusha gurudumu kubwa kwa mkanda, lipi linakwenda mbio zaidi? Nilijibu kabla hajafunga mdomo. Nikaeleza pia kwa nini mkanda huteleza, na jinsi ya kuusikia ukianza kuteleza. Nikatoa mlio wenyewe. Darasa likapiga makofi. Nyuzi Tisini akaniomba nirudie mlio.

Halafu akageukia ubao akaandika jambo hilohilo kwa alama. Herufi juu ya herufi, vijimstari, herufi nyingine iliyopinda kama ndoano. Kalkulasi, alisema. Nilitazama ule ubao kama mtu aliyefungua barua isiyo yake. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa, nami nikaitikia. Mwanangu mkono wake ulikuwa unakimbia kwenye karatasi. Hesabu anazinywa kama maji, huyo.

Tangazo: Ijumaa ya tarehe ishirini ni jaribio la kwanza. Anayepata chini ya arobaini kwa mia anarudishwa darasa la matayarisho mwaka mzima. Na kila mmoja wetu lazima amalize kazi ya karakana ikubaliwe, la sivyo naye anarudishwa.

Ningeweza kumwomba mwanangu anifundishe. Lakini hatujuani. Na tuseme ukweli, mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu, kwa vifungo vya mashati ya watu. Siwezi kwenda kumpigia magoti. Itatafutwa njia.

Alhamisi, 5 Septemba

Ninaishi bwenini na msichana wa miaka kumi na minane anayesoma darasa letu. Anaitwa Redio. Jina amepewa na wenzake wa sekondari, na nimeelewa sababu kabla sijamaliza kutandika kitanda. Hahitaji kuwashwa.

Leo ukumbini niligundua kola ya mwanangu imekunjika ndani upande wa kushoto. Kama fundi na kama mzazi, siwezi kusoma nikiwa na kola kama ile mbele yangu. Mimi nilikuwa safu ya nane, yeye ya tatu. Nikamnong'oneza jirani amwambie jirani yake, ujumbe upite mpaka umfikie: kola yako imekunjika. Ulipita kwa watu kumi na mmoja. Ulipomfikia ulikuwa umeshakuwa: kaka yako amefika.

Akatoka mbio. Alizunguka uwanja mzima kumtafuta kaka yake, ambaye yuko kazini, safari ya siku nzima kutoka hapa. Aliporudi, jasho linamtoka, kola bado imekunjika.

Mpango ulikuwa mzuri. Watu ndio hawasikilizi.

Ijumaa, 6 Septemba

Karakana! Meza ndefu za mbao, jiriwa za kubania chuma zilizofungwa kwenye meza, harufu ya mafuta ya mashine. Nilitaka kulia.

Fundi mkuu wa karakana ni mzee mwenye vidole vinene na maneno machache. Wanamwita Mzee Tupa, kwa sababu kwake kila kitu ni tupa, ile ya kusugulia chuma. Alitugawia kila mmoja kipande cha chuma kilichokatwa ovyo, kina namba iliyogongwa upande mmoja. Yangu kumi na saba, ya mwanangu thelathini na moja. Kazi ni kukipiga tupa kwa mkono, bila mashine, mpaka pande zote ziwe sawa na kila pembe iwe mraba. Ukimaliza, anaweka rula ya pembe juu ya chuma chako na kukiinua dirishani. Mwanga ukipenya katikati ya rula na chuma, unarudi kwenye jiriwa.

Nilikiona kipande changu kikinyooka chini ya mikono yangu kama kitambaa chini ya pasi. Nimekaribia kumaliza leo leo. Mzee Tupa alisimama karibu nami kitambo, akaguna. Kwake guno ni hotuba.

Mwanangu, Mola amsaidie, anapiga tupa kama anayefuta meza ya hoteli. Kulia, kushoto, mbio mbio. Kufikia saa sita chuma chake kilikuwa na mgongo kama mkate. Nilikunja mikono. Nikatazama dari. Nimezaa mtoto mwenye kichwa cha dhahabu na mikono ya kuazima.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimetekeleza mpango. Mzuri mno.

Saa ya chakula cha mchana karakana haina watu ila haifungwi. Nikaingia, nikachukua namba thelathini na moja kwenye rafu, nikaifunga kwenye jiriwa. Dakika arobaini. Mgongo umeondoka. Sikukimaliza kabisa, maana nina akili. Nimekiacha na kasoro ndogo mbili ili kionekane cha mwanafunzi. Nikakirudisha, nikafagia unga wa chuma, nikatoka nikiimba.

Wanafunzi wawili walikuwa wanapita dirishani. Niliwapungia mkono.

Mchana mwanangu alikichukua kipande chake, akakigeuza, akakigeuza tena. Akanitazama kutoka upande wa pili wa karakana. Nami nilikuwa natazama dari. Dari lile sasa nalijua vizuri.

Jumanne, 10 Septemba

Si mzuri sana.

Mzee Tupa alikiinua kipande cha mwanangu dirishani, si kupima pembe, bali kutazama mistari ya tupa. Akamwuliza anatumia mkono gani. Wa kulia, akajibu. Akamwambia mistari hii imeinama kwa mtu wa mkono wa kushoto. Kisha akaliangalia darasa zima la watu wenye tupa mikononi, na mmoja tu alikuwa ameishika kwa kushoto. Nikaihamishia kulia. Ikaniponyoka, ikaanguka mguuni mwa jirani.

Hakunitaja. Alikitupa kile chuma kwenye sanduku la vyuma chakavu na kumpa mwanangu kipya, akamwambia aanze mwanzo. Kazi yote tangu Ijumaa imekwenda.

Jioni nilimkuta mwanangu kwenye ngazi za maktaba. Hakuna aliyekuwa karibu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anaweza kushindwa mwenyewe bila msaada. Nilimwambia nilikuwa nampunguzia kazi. Akasema, "Mama, kazi yenyewe ndiyo niliyokuja kuifanya." Kisha akaondoka.

Nitakuwa mkweli. Katika maneno yote yale, lililobaki masikioni mwangu ni kwamba ameniita Mama.

Jumatano, 11 Septemba

Mpango mpya, na huu hauna chuma ndani yake.

Kalkulasi inanikaba. Nimekaa maktaba asubuhi nzima na ukurasa mmoja, na ukurasa umeshinda. Jaribio ni baada ya siku tisa. Lazima mwanangu anifundishe, lakini lazima ionekane ni wazo la mtu mwingine. Basi nikamwendea Redio. Nikamwambia, kama mtu asiyejali, kwamba kuna kijana mmoja safu ya tatu, mwenye paji pana la uso, ambaye ningependa tukae pamoja nyakati fulani. Kusoma, nikasema. Nikamwomba amfikishie habari kwa upole, maana ni mwenye haya.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwomba anichunguzie mambo mawili matatu. Kama anakula asubuhi. Kama analala vizuri. Kama kuna msichana yeyote anayemzungukazunguka.

Redio alinyamaza. Sijawahi kumwona amenyamaza. Akaniuliza kama ni kijana yuleyule ambaye watu waliniona nikimpigia tupa chuma chake saa ya chakula. Nikasema ndiye. Akauliza kama ni yuleyule ambaye wikendi nilimshonea vifungo vya shati na kulitundika mlangoni kwake. Nikasema ndiye huyohuyo, na kola pia niliinyoosha.

Akasema, "Haya, Mama," kwa sauti ya mtu anayebeba yai.

Msichana mwema. Nina hakika neno litafika.

Ijumaa, 13 Septemba

Limefika, nadhani, kwa sababu watu wamebadilika. Nikiingia ukumbini kunakuwa kimya, kisha kikohozi. Wasichana wawili walinipisha kwenye foleni ya maji na kunitazama kwa namna ya kunistahi. Mvulana mmoja aliniambia umri ni namba tu. Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana nimeanza uhandisi. Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Naanza kupendwa hapa.

Ila mwanangu hajaja kunifundisha. Leo alihama safu ya tatu akaenda kukaa kabisa mbele, pembeni, mgongo kwetu sote. Atakuwa anasoma kwa bidii.

Kwenye simu baba yake aliuliza tunaendeleaje. Nikamwambia vizuri mno. Akasema nisimchoshe mtoto.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeitwa ofisini kwa mlezi wa wanafunzi. Nilivaa gauni langu la kijani, nikijua ni habari njema. Labda wanataka nizungumze na wanafunzi wapya kuhusu kujituma.

Ni mama wa rika langu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alifunga mlango. Akanimiminia maji. Akasema polepole, "Tunajua kuhusu wewe na yule kijana."

Mzigo wote ukanishuka mabegani. Nikamwambia afadhali, maana nimechoka kuficha. Akauliza ni jambo la muda gani. Nikasema ni la miaka mingi, tangu nyumbani. Akairekebisha miwani. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama mume wangu anajua.

"Mume wangu?" nikasema. "Ndiye aliyetuleta siku ya kwanza. Ametubebea mizigo sote wawili."

Akanywa yale maji aliyonimiminia mimi. Akauliza mume wangu analionaje. Nikasema analifurahia, isipokuwa kila siku ananionya nisimchoshe kijana.

Akasema kijana yule bado mdogo, ana maisha yake mbele, na huenda anaona aibu. Nikakubali kabisa. Aibu ndiyo tatizo lenyewe, nikamwambia. Mbele za watu anajifanya hanijui, na kuna siku inaniuma mpaka nashindwa kula. Pale sauti yangu ilikatika kidogo, si kwa mchezo. Akanipa kitambaa cha karatasi. Akaniuliza kama naweza kumwachia nafasi. Nikasema nitajitahidi, lakini nimemzoea, na hajui hata kukunja shuka.

Akaandika kirefu kwenye faili. Akaamua: hatua kumi baina yetu mahali popote, na tusiwekwe kundi moja la kazi.

Mwanamke mwenye busara. Ila chuo hiki kina sheria kali mno kwa watu wa familia moja.

Jumanne, 17 Septemba

Niandike taratibu.

Asubuhi niliingia ukumbini nikihesabu hatua, kumi kamili, kwa sauti, ili ionekane natii. Watu wakacheka. Ubaoni kulikuwa na mchoro. Kijana mwembamba, mwanamke mnene mwenye mkoba, na katikati yao umbo fulani lililochomwa na mshale. Kwa kuwa kulikuwa na mshale nilidhani ni mchoro wa kani. Nikamwuliza jirani hiyo ni kani gani na inasukuma wapi.

Jirani alitazama sakafu. Akanieleza.

Nilikaa. Nikasikia mazungumzo ya jana yakinirudia neno kwa neno. Tangu nyumbani. Ametubebea mizigo sote wawili. Nimemzoea. Ningekuwa na uwezo ningeingia ndani ya mkoba wangu na kufunga zipu. Na nikamwona mwanangu kule mbele, mgongo wake, masikio yamemwiva. Alikuwa amelisikia tangu Jumatano na alikuwa amelibeba peke yake, mbele, pembeni. Nikakusanya penseli zangu. Nilikuwa naenda nyumbani. Si bwenini, nyumbani kabisa.

Hapo akasimama. Akageuka kuwatazama watu.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Ukumbi ukacheka. Mmoja wa nyuma akamjibu kwamba hata wao mimi ni mama yao, ni mama wa darasa zima.

"Siyo hivyo. Mama wa kunizaa."

Hapo hata feni nilizisikia. Akasema yeye ndiye aliyeniomba nisiseme, kwa sababu alitaka watu wamjue yeye kwanza. "Basi mmeshanijua," akasema. "Mimi ni mtu aliyekaa kimya siku sita huku mama yake anachekwa." Akasema kila alichojua kuhusu mashine kabla ya kufika hapa alikijua chini ya meza yangu ya kazi, akiniokotea skurubu. Kisha akapanda mpaka safu ya nane, akachukua mkoba wangu, akaushusha hadi safu ya tatu, akauweka kwenye kiti. Nikaufuata. Ningeufuata popote.

Nyuzi Tisini alikuwa mlangoni muda wote. Aliingia, akafuta ubao mwenyewe, taratibu, pembe hadi pembe. Akatuambia tufungue ukurasa wa ishirini na nne.

Redio alilia kuliko mimi. Saa moja baadaye chuo kizima kilikuwa kimesharekebishiwa habari. Mlezi wa wanafunzi alinikuta kwenye korido, akanishika mikono yote miwili, akataka kusema kitu cha heshima, akacheka mpaka miwani ikabaki inaning'inia kwenye kamba.

Nilimpigia baba yake nikamweleza yote. Akasema tumeweza wiki mbili. Yeye alitegemea siku nne.

Alhamisi, 19 Septemba

Tunasoma! Meza ya mwisho ya maktaba, siku ya pili mfululizo, watu wanaona na dunia haijapasuka.

Nilimwambia kalkulasi haijaniingia hata tone. Hakucheka. Aliniuliza sindano ya cherehani inakwendaje. Juu na chini, nikasema. Ikifika chini kabisa kabla ya kupanda, inakuwa na kasi gani? Nikafikiri. Haina. Inasimama, kufumba na kufumbua, ndipo inageuka. Pale pale ndipo ndoano inajiandaa kunasa uzi, na pale ndipo mashine mbovu hukosea. Nimekuwa nikipatafuta pale kwa kidole miaka ishirini na miwili. Akachora mstari uliopinda kama wimbi, akaweka nukta chini kabisa ya bonde, akaandika alama zilezile zilizonishinda. "Hapa mabadiliko ni sifuri," akasema. "Mama, hii umekuwa ukiifanya siku zote. Ulikuwa hujui jina lake tu."

Niliomba ruhusa niende msalani. Nililia vizuri, nikarudi.

Mchana ilikuwa zamu yangu. Nilimsimamisha kwenye jiriwa, nikamtanua miguu, nikamwambia aache kutumia mikono, atumie uzito wa mwili, asukume kwa utulivu na kurudi bila kubonyeza. Asikilize. Tupa ikilia sana inateleza, ikinguruma inakula. Nilimwelekeza kwa mdomo tu. Mikono yangu niliikalia. Nasema kweli, niliikalia, mpaka ikafa ganzi. Mzee Tupa alipita, akaitazama ile mikono chini yangu, akaguna mara mbili.

Jumatano, 25 Septemba

Matokeo yamebandikwa. Nilimtuma Redio asome, nikafumba macho.

Arobaini na tatu. Nimepita kwa tatu! Nimeruka pale ukumbini mpaka kiatu kimoja kikatoka. Swali la sindano, yaani halikuwa la sindano, lilikuwa la pistoni, lakini mimi niliona sindano na nikalipata lote. Mwanangu amepata tisini na moja. Hilo nimewaeleza watu wote wa ukumbini, wa foleni ya maji, na bwana mmoja aliyekuwa amekuja kurekebisha bomba.

Na saa tisa, karakana. Mwanangu alikipeleka kipande chake cha pili; changu kilikuwa kimeshakubaliwa. Mzee Tupa akaweka rula, akakiinua dirishani. Upande wa kwanza, giza. Wa pili, giza. Wa tatu akakikaribisha sana jichoni. Giza. Hakuna uzi wa mwanga. Akaitazama mistari, akaona imeinama upande wa mkono wa kulia, akachukua nyundo na kugonga muhuri wa kukubaliwa. Mwanangu hakurukaruka kama mimi. Alikifunika kwa viganja viwili kama kifaranga, akaja moja kwa moja kunionyesha.

Tulikaa nje kwenye ukuta mfupi wa karakana. Akaniomba ahadi moja, bila hasira. Nisipange tena kitu chochote cha maisha yake bila kumwambia kwanza. Chochote. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote. Nilimaanisha kila neno. Tukapeana mikono kama wahandisi.

Sipangi tena. Mimi ni mtu mwingine.

Alhamisi, 26 Septemba

Leo asubuhi nimepita ofisi ya kitivo nikakuta fomu za kugombea uwakilishi wa darasa. Mwisho wa kurudisha ni saa sita mchana. Mwanangu alikuwa kwenye kipindi cha michoro, na kumtoa mtu kwenye kipindi cha michoro si ustaarabu.

Kujaza fomu siyo kupanga. Kujaza fomu ni kuandika tu. Jina lake, namba yake ya usajili, na sababu za kugombea, ambazo hazikutosha kwenye nafasi waliyotoa, nikaongeza karatasi mbili. Walihitaji saini za wadhamini kumi. Nilipata arobaini na nane, maana kila niliyemfuata alidhani mwanangu ndiye aliyenituma, na mimi sikuona sababu ya kuwachanganya watu kwa maelezo mengi.

Wagombea wengine ni wawili, wepesi wote. Kila mmoja atahutubia darasa zima kesho saa nne. Nimemwandikia hotuba ya kurasa tisa. Inaanza na kilo alizozaliwa nazo, kisha inapanda.

Yeye bado hajui. Nitamwambia kesho asubuhi, akishashiba.